Punda aliyeachwa na mwenyewe: yafaa kumchukua?

Alhamdulillah. Tumeulizwa: punda wa gari amedhoofu, ana vidonda, mwenyewe amemwachilia njiani. Je, anayemchukua anakuwa wake?

Kwanza, atafutwe mwenyewe. Kwa Imamu Shafi, mnyama hatoki katika milki ya mtu kwa kuachwa tu. Imamu Ahmad ameona ni wa aliyemhuisha, kwa hadithi iliyopokewa na Abu Daud. Lililo salama ni mwenyewe akupe au akuuzie, mbele ya mashahidi.

Pili, ukishammiliki, matunzo yake ni wajibu juu yako: majani, maji, kivuli na dawa. Asifungwe gari kabla vidonda havijapona, wala asibebeshwe asichokiweza. Punda huweza kuishi miaka 30, basi pima uwezo wako kabla hujamchukua.

Ukishindwa, muuze au mpe anayeweza, usimwachilie tena. Kumchinja kwa kitoweo si njia, kwani punda wa kufugwa ni haramu kuliwa. Tukumbuke mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: hakutajwa kumpiga, alimfungia tu bila ya kumlisha.

Wallahu aalam.