Kumwita Elki kwa Sauti Yake

Leo twapenda kueleza habari za uwindaji wa uta katika Milima ya Rocky huko Marekani. Humo yumo mnyama wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi, aitwaye elki, ambaye dume wake aweza kufika ratli 700 kwa uzito. Pembe zake zina matawi kama mti, nazo humwanguka kila mwaka zikaota tena. Ulaya jina hilo hupewa mnyama mwingine kabisa. Kwa hiyo wengine humwita wapiti, neno litokalo kwa kabila la Washawnee.

Mwenye bunduki humpiga akiwa mbali, bali mwenye uta sharti awe karibu naye, hatua 40 au chini yake. Elki ana pua kali, na jike mmoja akishtuka kundi zima hukimbia. Ndiyo sababu wawindaji humwita aje mwenyewe.

Wakati wake ni mwezi wa Septemba, majira ya kupandana. Dume hulia kwa sauti inayoanza chini, ikapanda nyembamba kama filimbi, kisha humalizia kwa kukoroma mara kadhaa. Jike hulia kwa ufupi na upole, karibu kama paka. Mwindaji huweka kaakaani kipande chembamba cha mpira kilichowambwa, akakipulizia. Na kwa sauti ya dume hupitisha pumzi katika bomba refu ili ivume.

Aliyesikia majogoo wa nyumba mbili wakijibizana alfajiri atadhani kazi imekwisha. La, sivyo. Dume mwenye majike asikiapo mpinzani, mara nyingi huwakusanya wake zake akaondoka nao. Dume kijana naye huogopa kipigo. Tena penye wawindaji wengi wanyama wamekwisha kuijua hila hiyo, hata hunyamaza. Kwa maoni yetu kosa kubwa la mwanafunzi wa kazi hii ni kupuliza mno. Afadhali alie kama jike mara mbili tatu, kisha akae kimya robo saa nzima, asikilize.

Tena kuna upepo. Alfajiri hewa ya baridi huteremka mlimani; jua likikolea, hupanda. Naye dume aitwaye huzunguka upande uendako upepo, apate kumnusa aliyemwita. Basi wawindaji huenda wawili: mwenye kuita hukaa nyuma, hatua 50 au zaidi, na mwenye uta hujificha mbele. Dume humtafuta yule aliyelia, asimwone huyu wa karibu.

Uta huvutwa kichwa cha mnyama kipitapo nyuma ya mti. Sauti moja ndogo ya jike humsimamisha. Akisimama ubavu, mshale hupelekwa nyuma ya bega, penye mapafu. Akielekeza kifua, mwindaji mwema huacha, kwani mnyama aliyejeruhiwa vibaya aweza kwenda maili nyingi akafia porini, nyama ikaoza bure. Hata mshale ukiingia vizuri hawamfuati mara moja. Hukaa kimya yapata nusu saa, ndipo huanza kufuata damu.