Usitupe ndizi zilizoiva mno, zioke mkate

Ni jambo la kawaida katika nyumba nyingi za mjini. Ndizi zilinunuliwa Jumamosi, watoto wakala chache, na kufikia Alhamisi zilizobaki zimejaa madoa meusi. Hakuna anayezitaka tena, na mwisho wake ni pipa la taka. Msomaji, kabla hujazitupa, fahamu kwamba hizo ndizo hasa zinazofaa kuokea mkate wa ndizi.

Sababu yake si ngumu. Ndizi inapoiva, wanga uliomo hugeuka kuwa sukari. Kwa hivyo ile yenye ngozi nyeusi ni tamu zaidi, hupondeka upesi na hunukia vizuri. Ndizi ngumu ya manjano hukupa mkate usio na ladha. Hata hivyo, usipite mpaka: ndizi iliyoota ukungu, inayovuja maji au inayonuka kama pombe, hiyo itupe.

Mapishi ya mkate huu yalienea katika vitabu vya upishi vya Marekani miaka ya 1930, wakati uchumi wa nchi hiyo ulipokuwa umezorota. Hapa kwetu ndizi hazikosekani sokoni, ziwe za Kisii, Meru au Murang'a, na hakuna familia inayopenda kutupa chakula ilichokinunua.

Mahitaji

Unga wa ngano vikombe 2
Ndizi zilizoiva sana 3 kubwa (au kikombe 1 zikishapondwa)
Mayai 2
Sukari nusu kikombe
Mafuta ya kupikia au siagi iliyoyeyushwa, nusu kikombe
Beking pauda vijiko vidogo 2
Chumvi robo ya kijiko kidogo

Namna ya kuoka

Chekecha unga, beking pauda na chumvi katika bakuli moja. Katika bakuli la pili, ponda ndizi kwa uma, kisha tia sukari, mafuta na mayai, ukoroge. Mimina mchanganyiko huu katika unga na uchanganye kwa mwiko hadi unga mkavu usionekane tena. Hapo acha. Hili ndilo jambo linalowashinda wengi. Unga wa chapati hukandwa ili uvutike, lakini mkate huu ukikorogwa sana huwa mgumu kama mpira.

Paka mafuta chombo cha kuokea na umimine. Kwa oveni, tumia moto wa nyuzi 180 kwa muda wa dakika 50 hadi saa moja. Chomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu, mkate umeiva. Uache upoe kabla ya kuukata.

Huna oveni? Usife moyo. Chukua sufuria kubwa, tandaza mchanga safi na mkavu ndani, funika na uipashe moto kwa dakika 10. Weka chombo chako juu ya mchanga, funika tena, kisha panga makaa machache yaliyowaka juu ya kifuniko. Moto wa chini uwe mdogo ili mkate usiungue kabla ya kuiva ndani.

Onyo: jiko la makaa lisitumiwe ndani ya chumba kilichofungwa, hasa na wanafunzi na wengine wanaoishi katika chumba kimoja. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua. Pikia nje, au mahali panapopita hewa ya kutosha.

Badilisha ladha

Ukishaumudu mkate wa kawaida, unaweza kuugeuza upendavyo. Kanuni ni moja: ukiongeza kitu kikavu, punguza unga, ukiongeza cha majimaji, punguza mafuta. Tena badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ili mkate ukiharibika ujue chanzo.

Kwa ladha ya pwani, tumia robo kikombe ya mafuta na robo kikombe ya tui zito la nazi, kisha utie nusu kijiko kidogo cha iliki iliyosagwa. Asiyependa iliki atie kijiko kidogo kimoja cha mdalasini.

Watoto wakipenda chokoleti, ondoa robo kikombe ya unga na badala yake utie kakao.

Unga wa wimbi nao unafaa. Weka nusu kikombe cha wimbi mahali pa nusu kikombe cha ngano. Usizidishe, kwa kuwa wimbi haushikani kama ngano na mkate utavunjikavunjika.

Karanga zilizokaangwa na kupondwa, nusu kikombe, huongeza utamu na lishe. Hizi hazihitaji kupunguziwa unga kwa kuwa hazinywi maji. Lakini mtoto asigawe mkate huo shuleni ikiwa kuna mwenzake anayedhuriwa na karanga.

Ikiwa ndizi zako ni zile ndogo tamu za kisukari, hata robo kikombe ya sukari yatosha. Ladha ya mkate haitapungua, na pakiti yako ya sukari itadumu zaidi.

Mkate ukipoa, ufunike vizuri, nao utakaa siku mbili au tatu. Vipande viwili na kikombe cha chai vyatosha kumtoa mtoto nyumbani asubuhi akiwa ameshiba. Basi leo jioni, chungulia kikapu cha matunda kabla ya kulikaribia pipa.