KUPIGA PICHA PETE NA VITU VING'AAVYO

Kaunti ya Migori yajulikana kwa dhahabu yake, na siku hizi muuzaji wa pete na mikufu aliye Awendo aweza kumpelekea mnunuzi wa Kisumu au Nairobi picha kwa simu ya mkononi. Mnunuzi huyo hana kingine cha kumwongoza. Pete ikionekana nyeusi, au ikifunikwa na doa jeupe la nuru, ataishuku, na biashara itaharibika ingawa pete ni njema.

Mara nyingi kosa si la simu. Dhahabu au fedha iliyosuguliwa ni kama kioo: nuru huipiga na kurudi kwa pembe ile ile iliyojia. Basi kamera haioni pete peke yake, bali huona pia jua, paa la bati, hata uso wa mpiga picha. Upande unaoelekea giza huonekana mweusi.

Dawa yake ni kuizungushia pete weupe. Kwanza, mpiga picha na aizime taa ya simu. Pili, akae ndani karibu na dirisha, na kulitundikia kitambaa cheupe chembamba ili nuru ienee. Tatu, asimamishe karatasi nyeupe pande zote mbili, na nyingine mbele, yenye tundu la kupitishia jicho la kamera. Nne, simu na iegemezwe juu ya kitu imara, maana mkono hutikisika. Tano, aguse kioo cha simu mahali pete ilipo, kisha apunguze mwangaza mpaka doa litoweke. Ukingo wa pete ukipotelea katika weupe, ukanda mwembamba wa karatasi nyeusi uliowekwa kando utaudhihirisha.

Yafaa pia kuipiga picha chapa iliyo ndani ya pete. Chapa ya 750 maana yake ni kwamba katika sehemu 1,000 za madini hayo, 750 ni dhahabu halisi, yaani karati 18. Ile ya 375 ni karati 9. Hata asiyeuza kitu atafaidika, kwani pete ya urithi ikiibwa, picha itawasaidia polisi kuitambua.

Lakini mnunuzi na akumbuke kwamba chapa yaweza kughushiwa. Picha huonyesha sura tu. Dhahabu yenyewe hupimwa na sonara kabla ya fedha kutolewa.