Unene wa Herufi na Mipaka ya Matumizi Yake: Mfano wa Fonti ya Cooper Black

Makala haya yanafafanua uhusiano kati ya umbo la herufi nene zilizochorwa kwa mkono na kazi zinazofaa kupewa herufi hizo katika usanifu wa machapisho. Mfano uliochaguliwa ni Cooper Black, fonti iliyosanifiwa na Oswald Bruce Cooper wa Chicago, na kutolewa mwaka 1922 na Barnhart Brothers & Spindler, kiwanda cha kusubu herufi za chapa. Hoja inayotetewa ni kwamba sifa zilezile zinazoifanya fonti hii ionekane kwa mbali ndizo zinazoifanya isifae kwa matini ndefu.

Cooper alikuwa mchoraji wa herufi za matangazo, na chimbuko hilo linadhihirika katika sifa tatu. Kwanza, ncha za herufi zimeviringwa. Pili, herufi O imeinama kidogo kuelekea nyuma, kama iliyoandikwa kwa mkono. Tatu, mistari ni minene kiasi kwamba matundu ya ndani ya herufi kama a na e hubaki madogo.

Sifa hizo ziliifaa biashara ya matangazo. Unene huvuta jicho. Ncha za mviringo hazina pembe kali za kuharibiwa na uchapaji hafifu. Mafanikio yake yalizaa washindani, akiwamo Frederic Goudy, aliyewahi kumfundisha Cooper, kwa fonti yake ya Goudy Heavyface ya mwaka 1925. Baadaye Cooper Black ilitumika kwenye jalada la albamu ya Pet Sounds ya The Beach Boys (1966) na katika nembo ya shirika la ndege la easyJet. Katika mifano hiyo yote, maneno ni machache: fonti imebeba jina, si maelezo.

Mpaka wa matumizi hutokana na yale matundu madogo. Herufi zinapopunguzwa, wino huyaziba, na a hukaribia kufanana na e. Katika Kiswahili tofauti hiyo ni ya kisarufi. Tangazo lisemalo "mgonjwa alipe" ni agizo. Lisemalo "mgonjwa alipa" ni taarifa. Irabu moja iliyozibwa inatosha kumpotosha msomaji, hasa mwenye uoni hafifu. Aidha, maneno yetu hurefushwa na viambishi, ilhali herufi pana hula nafasi. Mchapaji hushawishika kuzipunguza, na tatizo huongezeka.

Hivyo basi, inapendekezwa kwamba herufi za aina hii zitengewe vichwa na majina, na maelekezo yaandikwe kwa fonti nyepesi zaidi. Vilevile, usomekaji upimwe kwenye nakala iliyochapwa kwa ukubwa halisi, si kwenye skrini ya msanifu, ambako wino hausambai.