Barabara ya Lami na Nyumbu wa Serengeti

Wanafunzi wapenzi wa Musoma, Bunda na Butiama, kaeni karibu na redio, na kila mmoja awe na daftari na kalamu. Neno letu la leo ni LAMI. Lisomeni pamoja: la-mi, lami.

Ninyi mnaijua safari ya kwenda Arusha. Basi likipita Serengeti na Ngorongoro, abiria hulipa ada ya hifadhi, hata kama hakuja kutazama simba. Asiyetaka kulipa huzunguka Mwanza, Shinyanga na Singida, nako ni mbali mno. Basi mwaka 2010, Serikali ilipokuwa na mpango wa kujenga barabara kuu kutoka upande wa Musoma, kupita Mugumu na Loliondo hadi Mto wa Mbu, watu wengi walifurahi. Walikuwa na haki ya kufurahi. Mkulima wa Mugumu anayetaka kuuza mahindi, na mama mjamzito wa Loliondo anayetaka kufika hospitali, wote wawili wahitaji njia njema wakati wa masika.

Lakini kiasi cha kilomita 53 za barabara hiyo zingekata kaskazini ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Hapo ndipo mabishano yalipoanza.

Sikilizeni vema sababu yake. Nyumbu wa Serengeti wapita milioni moja. Hawakai mahali pamoja. Hufuata mvua na majani mabichi. Wakati wa kiangazi huenda kaskazini mpaka Mto Mara, yaani mto ule ule unaoingia ziwani karibu na Musoma, kwa kuwa huko hupata maji. Sasa, mkiweka lami, malori yatakwenda mbio usiku na mchana. Lori litamgonga nyumbu, na pengine dereva naye afe. Watu watasema, "Tuweke uzio." Uzio ukiwekwa, nyumbu hawafiki mtoni. Jambo hili si la kubuni. Kule Botswana, wakati wa ukame wa miaka ya 1980, maelfu kwa maelfu ya nyumbu walikufa kwenye nyaya zilizowekwa kukinga ng'ombe na maradhi. Wataalamu waliopiga hesabu ya Serengeti walisema kwamba, njia yao ikikatwa, nyumbu waweza kupungua kwa theluthi moja. Nao wakipungua, simba hukosa chakula, majani hubaki marefu, na moto wa nyika huwa mkali.

Wengine waliuliza: Je, mnyama ni bora kuliko mtu? Swali hili si la kudharau, hasa likiulizwa na mtu wa Bunda ambaye tembo wamemaliza shamba lake kwa usiku mmoja. Tena wengi waliopinga walikaa nchi za mbali, nao wana lami mpaka mlangoni.

Palikuwa na shauri la tatu: barabara izunguke kusini ya hifadhi. Ni ndefu zaidi, lakini hupita penye watu wengi. Mimi naona shauri hilo lilistahili kusikilizwa tangu mwanzo, ingawa mtu wa Mugumu ataniuliza litamfaa nini.

Mwaka 2011 Serikali iliieleza UNESCO kwamba sehemu iliyo ndani ya hifadhi haitatiwa lami. Chama kimoja cha Kenya cha kutetea wanyama kilikuwa kimekwisha kushtaki, na tarehe 20 Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki, huko Arusha, iliamua kwamba mpango wa lami kupita Serengeti ulikuwa kinyume cha Mkataba wa Jumuiya.

Jirani zetu wa Uganda wana mabishano kama haya, ila yao ni ya mafuta. Mafuta yaligunduliwa karibu na Ziwa Albert mwaka 2006, na mwaka 2023 uchimbaji wa visima ulianza ndani ya Hifadhi ya Murchison Falls. Huko nako wengine wanataja fedha na kazi, wengine tembo na maji.

Sasa andikeni majibu, kisha mjadiliane darasani na mwalimu wenu.

1. Kwa nini nyumbu huenda kaskazini wakati wa kiangazi?
2. Lami yawezaje kuleta uzio?
3. Kama ungekuwa mkaaji wa Mugumu, ungesema nini mbele ya mahakama? Andika sentensi tatu.

Juma lijalo leteni daftari zenu.