Sukari, Pembe na Ubepari

Vitabu vingi vinavyochunguza ubepari, yaani mfumo wa uchumi ambamo mashamba, viwanda na mitaji humilikiwa na watu binafsi wanaozalisha ili wauze kwa faida, huanza na mfumo wenyewe na kuchelewa sana kufika kwenye maisha ya watu. Vipo hata hivyo vitabu vichache vinavyoshika njia ya kinyume: huchukua bidhaa moja, vikaifuata kutoka shambani au porini hadi mezani au sebuleni, na msomaji anapofika mwisho wa safari hiyo amekwisha kuuona mfumo mzima. Viwili kati ya hivyo vinafaa kusomwa pamoja, navyo ni Sweetness and Power cha mwanaanthropolojia wa Marekani Sidney Mintz, kilichotoka mwaka 1985 na kinachohusu sukari, na Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar cha mwanahistoria wa Zanzibar Abdul Sheriff, kilichotoka mwaka 1987.

Wazo lililo chini ya vitabu hivi lilikwisha kuelezwa na Karl Marx katika juzuu ya kwanza ya Das Kapital, mwaka 1867. Marx alisema kwamba bidhaa ikishafika sokoni huonekana kuwa na thamani inayotoka ndani yake yenyewe, ilhali thamani hiyo imetokana na kazi na uhusiano wa watu ambao mnunuzi hawaoni. Hali hiyo aliilinganisha na dini, ambamo vitu vilivyobuniwa na akili ya binadamu huonekana kuwa na uhai wao wenyewe.

Mintz aliwaona watu hao kwa macho yake, kwani mwaka 1948 alikwenda kufanya utafiti miongoni mwa wakata miwa wa pwani ya kusini ya Puerto Rico. Baadaye, alipogeukia historia, alitoa hoja ambayo bado inawashangaza wengi: kwamba mashamba ya miwa ya visiwa vya Karibi katika karne ya 17 yalifanana na viwanda kabla Uingereza yenyewe haijawa nchi ya viwanda. Sababu yake imo katika mmea wenyewe, kwa kuwa muwa uliokatwa huharibika upesi, hivyo ukataji, ukamuaji na uchemshaji ulipaswa kwenda kwa mfululizo, kwa zamu, chini ya amri moja na kwa kuchunga muda. Waliofanya kazi hiyo walikuwa Waafrika waliotumikishwa utumwani, wasiolipwa ujira, na kwa hiyo Mintz anasita kuyaita mashamba hayo ya kibepari moja kwa moja, ingawa anaonyesha wazi kwamba mitaji iliyoyaendesha na soko lililoyalisha vilikuwa Ulaya.

Sehemu iliyo bora zaidi ya kitabu, hata hivyo, ni ile inayowahusu walaji. Mnamo mwaka 1700 Mwingereza alitumia wastani wa ratili 4 hivi za sukari kwa mwaka. Karne moja baadaye zilikuwa zimefika 18, na kufikia mwaka 1900, miongo michache baada ya ushuru wa sukari kufutwa mwaka 1874, karibu sehemu moja ya tano ya kalori katika chakula cha Waingereza ilitoka kwenye sukari. Jibu jepesi lingekuwa kwamba binadamu hupenda utamu, nalo Mintz analikataa, maana kupenda utamu hakuelezi kwa nini Waingereza waliwapita Wafaransa kwa mbali. Anaeleza badala yake jinsi kitu kilichokuwa dawa, kiungo na pambo la karamu za wafalme kilivyoshuka hadi kwa maskini, ambao mara nyingine walichukua na maana zake za zamani, kama katika keki za harusi, na mara nyingine wakakipa maana mpya. Mwanamke aliyekuwa akishinda kiwandani hakuwa na muda wala kuni za kupika, na chai ya moto yenye sukari, pamoja na mkate wa jemu, iliufanya mlo baridi uonekane kama mlo wa moto. Nyama kidogo iliyopatikana alipewa mume, huku mke na watoto wakishibishwa kwa utamu. Mwanauchumi Thorstein Veblen, katika kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1899, alikuwa ameeleza matumizi kama njia ya matajiri kuonyesha daraja lao, lakini nadharia hiyo haimfikii mama huyu, ambaye hakuwa akimwonyesha mtu yeyote chochote. Kasoro ya Mintz ni kwamba sauti yake mwenyewe mama huyo haisikiki kitabuni.

Kitabu cha Sheriff ni kikavu zaidi, kimejaa bei na hesabu za forodha, lakini uvumilivu wa msomaji hulipwa. Kinaonyesha kwamba katika karne ya 19 mahitaji ya pembe za ndovu huko Ulaya na Marekani, kwa ajili ya vibao vya piano, vitana na mipira ya biliadi, yaliipandisha bei ya pembe, wakati bei ya nguo za viwandani, ikiwemo merikani iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem, Marekani, haikupanda kwa kiasi hicho. Katika pengo hilo la bei ndipo utajiri wa wafanyabiashara wa Zanzibar ulipopatikana, na ndilo lililoisukuma misafara kupita Unyamwezi hadi Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwani tembo wa karibu na pwani walikuwa wakipungua. Karafuu, iliyolimwa Unguja na Pemba kwa kazi ya watumwa, ilifuata mkondo mwingine: ilipandwa kwa pupa hadi ikafurika sokoni, na bei yake ikaporomoka.

Sheriff anawaweka masultani, matajiri wa Kihindi na makampuni ya kigeni katika hesabu moja, jambo linaloondoa picha ya Zanzibar kama dola iliyojisimamia kwa biashara yake. Ila anaishia bandarini: familia iliyoinunua piano haionekani, wala kitabu hakiulizi kwa nini ilitaka kuwa nayo, na kwa swali hilo msomaji hana budi kurudi kwa Mintz.