Mlango wa moyo ukishikwa na viini, kungoja kuna gharama yake

Homa isiyokwisha, jasho la usiku, pumzi fupi: wengi wetu hapa Pwani husema ni malaria tu. Mara nyingine ni viini vilivyoingia kwenye damu, pengine kupitia jino bovu, vikaota juu ya vali, yaani mlango wa moyo. Aliye hatarini zaidi ni yule ambaye vali zake zilikwisha haribika, kwa mfano kwa maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa.

Dawa za mshipani huchukua wiki 4 hadi 6. Lakini vali ikitoboka na moyo ukalemewa, dawa pekee hazitoshi. Hapo jamaa husema, "Tungoje apate nguvu kwanza." Kumbe kile kiota cha viini kikimeguka, kipande huenda ubongoni kikaleta kiharusi.

Utafiti wa Korea Kusini wa 2012 ulifuata wagonjwa 76 wenye viota vikubwa. Kati ya 37 waliopasuliwa ndani ya saa 48, hakuna aliyezibwa mshipa na kipande katika wiki 6. Kati ya 39 walioanzishiwa dawa kwanza, walizibwa 8. Vifo, kusema kweli, havikutofautiana sana.

Vali mpya nyingine hutokana na nguruwe, nyingine na ng'ombe. Mwenye neno amwambie daktari kabla ya kisu.